Kahawa ya Mwisho ya Cucu

Juzi nilipita karibu na kiwanda cha kahawa kilichofungwa, kule chini ya soko la Giakanja. Nyasi zimemea ndani ya matangi na maua ya zambarau yamepanda hadi kwenye paa. Palikuwa pazuri, nikasimama.

Nikiwa mdogo, cucu, mama wa baba yangu, alinipeleka hapo alasiri moja na kikapu cha kahawa mbivu. Hata wakati huo palikuwa pamefungwa. Palinuka maganda yaliyooza, na mabati yaligongagonga kwa upepo. Cucu alimwaga kahawa sakafuni, akaketi kuichambua.

"Cucu, hakuna watu."

"Wewe chagua. Ukichanganya na mbichi watakurudisha nayo nyumbani."

"Akina nani?"

Alicheka tu. Niliamini kuna watu ndani wanatuangalia, kwa hivyo nilichagua vizuri sana.

Tulipomaliza, aliitazama ile kahawa nyekundu kwa muda, akaiacha hapo. Tukarudi na kikapu kitupu. Nilidhani imekubaliwa. Sasa najua alikuwa ameshaamua.

Kesho yake alimwambia baba alete shoka na jembe, wakang'oa miti yote ya kahawa shambani. Mimi nilifurahi, kwa sababu tulipata kuni nyingi.