Bahasha ya Saba ya Bwana Cordonnet

Anthelme Cordonnet alizaliwa Meaux, mtoto wa mtengeneza vifungo, na tangu utotoni hakutamani kitu mpaka akione mkononi mwa mwenzake. Mkewe, Zélie, yeye alikwenda kumposa siku tatu baada ya kusikia kwamba mhunzi anamtaka. Paris alihamia kwa sababu binamu yake alihamia. Huko akawa mng'arisha mabamba ya picha: anasugua shaba iliyopakwa fedha mpaka unaweza kujinyolea ndevu humo, wapiga picha wanakuja kununua. Kazi ilimlisha vizuri. Ubaya ni kwamba kwenye ngazi yetu, mlango ukitazamana na wake, aliishi Firmin Lassalvy, naye mng'arisha mabamba.

Firmin akinunua kuku, Anthelme alituapia kwamba kuku yule alikufa kwa kifua kikuu. Firmin akipata mafua, Anthelme naye alikohoa, tena kwa sauti ya juu zaidi.

Basi vuli moja Mama Pernelle, mlinda mlango wetu, alikuwa uani akichemsha siki ya kutilia matango. Kwenye madirisha ya juu yake wanaume wale wawili walikuwa wameanika mabamba yenye picha, yaliyorudishwa na wapiga picha ili yasuguliwe upya. Mvuke ukapanda. Siku zile sura za watu kwenye bamba zilitoka kama za maiti walioopolewa mtoni. Jioni ile zilikuwa na damu mashavuni. Wote wawili waliliona hilo.

Firmin alijifungia ndani akaanza kujaribu: siki ipi, moto kiasi gani, dakika ngapi. Alijaribu miaka miwili, na miaka miwili ngazi nzima ilinuka achari. Anthelme yeye alichukua karatasi, akaandika mistari minne, akaitia kwenye bahasha, akaipiga lakiri na kukimbia nayo Baraza la Sayansi.

Ndivyo tufanyavyo hapa. Ukidhani umegundua jambo na hutaki kulisema, unalipeleka ndani ya bahasha. Karani anaandika tarehe, inafungiwa kabatini. Siku ukitaka, unaomba isomwe mbele ya kikao cha Jumatatu, dunia ijue ulikuwa wa kwanza. Mtu wa kawaida huweka bahasha moja maishani. Anthelme alikuwa nazo kumi na moja, mojawapo ikieleza puto linalokokotwa na tai. Ya siki ilikuwa ya saba.

Miaka hiyo miwili ikapita, Firmin akaipata njia, ndipo akaja Mwingereza, Bwana Hartopp, mwenye kofia ndefu kama bomba la jiko. Alitaka kununua kwa Firmin haki ya kukata hataza ya njia ile kwao, ili kila mpiga picha wa London amlipe yeye kwanza. Faranga elfu ishirini. Sharti lilikuwa moja: lisichapishwe neno popote kabla hataza haijapigwa muhuri London, maana kilichokwisha kusomwa na kila mtu hakuna wa kukilipia.

Anthelme aliyasikia yote akiwa ameweka sikio mlangoni. Aliingia bila kubisha.

"Siki ni yangu!" alisema. "Nina bahasha. Ina tarehe!"

"Jirani," Firmin akasema, "siki ni ya Mama Pernelle."

"Wewe nyamaza, mwizi wa achari!"

Hartopp alikuwa mfanyabiashara, hakuja Paris kutafuta haki. Alifikiri kwa muda wa kuwasha kiko, kisha akasema, "Mabwana, nusu kwa nusu. Na bahasha ibaki imefungwa. Ikifunguliwa tu, mimi naenda nyumbani."

Firmin alitazama vidole vyake vilivyoungua. "Nakubali," alisema.

Anthelme aliomba apewe mpaka Jumatatu.

"Mpaka Jumatatu ya nini?" Zélie alimuuliza walipokuwa wakinywa supu. "Elfu kumi, mzee! Tutanunua nyumba Meaux. Yenye mti wa peasi."

"Na yeye atanunua ya pili yake."

"Anunue! Peasi zetu zitapungua?"

"Zélie, mtu yule atakula nusu yangu."

"Nusu yako ipi? Umefanya nini wewe zaidi ya kulamba bahasha?"

"Nilikuwa wa kwanza," alisema Anthelme, na supu ikapoa.

Jumatatu alivaa koti la harusi akaenda Baraza, akaomba bahasha ya saba ifunguliwe. Katibu alisoma mistari minne kwa sauti, pamoja na makosa yake ya tahajia. Mzee mmoja aliamka usingizini akapiga makofi. Kufikia Alhamisi magazeti matatu yalikuwa yameichapa, na kwenye moja jina Cordonnet liliandikwa sawasawa. Gazeti hilo lilipanda meli ya London jioni hiyohiyo.

Hartopp alipita kuaga. Alivua ile kofia mbele ya Anthelme, akainama.

"Bwana Cordonnet, kwa niaba ya wapiga picha wa Uingereza, asante kwa zawadi."

Firmin alikuwa amesimama mlangoni kwake, hana rangi. "Umepata nini, Anthelme?"

"Kwamba wewe hukupata!" Anthelme akajibu, na sisi wa ngazi ile tunashuhudia kwamba wiki hiyo aliimba.

Wiki ya pili hakuimba. Njia ilikuwa ya kila mtu sasa, ila mistari minne haikusema dakika ngapi wala moto kiasi gani, na sura alizojaribu Anthelme zilitoka kijani kama chura. Uliojua ni mkono wa Firmin. Firmin alinunua kamera ya mitumba, akatundika kibao, na watu wakaanza kupanga foleni kwenye ngazi, mpaka Anthelme akawa anaomba njia ili aingie kwake mwenyewe.

Jumapili moja aliona kwenye foleni kofia anayoifahamu. Ya Zélie.

Alirudi na bamba lake akalitundika juu ya meza ya chakula. Anthelme alilikaribia. Mashavu yana damu, macho yana maji, na mdomo unacheka, cheko ambalo katika miaka kumi na tisa ya ndoa hakuwahi kuliona.

"Alikwambia nini huyo hata ukacheka hivi?"

"Aliniambia nikae vizuri."

"Ni hilo tu?"

"Kula, mzee," alisema Zélie, akamsogezea sahani upande ambao picha inaonekana vizuri zaidi.