Koti Refu Hafi

Baba yangu alitafsiri filamu kwa miaka ishirini na sita bila kujua lugha ya filamu hata moja. Nalisema hili mapema, asije mtu akanishutumu baadaye kwamba nimelificha. Aliketi kwenye banda letu la video, juu ya kiti cha mbao kando ya televisheni, maiki mkononi, kitambaa cha kufutia jasho begani, na mbele yake mabenchi kumi na mawili yamejaa wapasua mawe waliotoka machimboni na vumbi kwenye nyusi. Watu walimwita Kasuku. Jina lenyewe lilikuwa la kumsingizia, maana kasuku hurudia alichosikia, na baba hakuwahi kurudia kitu. Aliangalia nyuso tu, kisha akatia chumvi.

Filamu walizozipenda ni zile za zamani za wasaka wahalifu. Jangwa, farasi, baa yenye mlango unaobembea, na mtu mmoja mwenye picha ya muuaji mfukoni, ambaye atalipwa akimleta, awe hai au maiti. Mimi, msichana mdogo, nilikaa sakafuni miguuni kwa baba nikiushikilia waya wa maiki, kwa sababu ukiuachia tu, sauti inakatika. Adui tulimjua tangu dakika ya kwanza. Anacheka peke yake, anampiga mbwa teke, anavunja glasi za watu. Hapo benchi zima linanguruma, "Ngoja wewe. Ngoja tu." Na wao wenyewe walingoja kwa raha, kwa sababu steringi, yule msaka wahalifu, alikuwa njiani na wote walijua anakuja. Nadhani hicho ndicho kilichowaleta. Kule machimboni jiwe liliweza kumkata mtu vidole asubuhi, na jioni hakuna picha ya mtu yeyote iliyobandikwa ukutani kwa ajili hiyo. Hapa bandani adui alikuwa na sura, tena ana kipara, na kuna mtu anamfuata kwa farasi bila haraka.

Filamu iliyowatia wazimu ilikuwa ya msaka wahalifu ambaye baba alimbatiza Koti Refu. Jina lake halisi baba hakulijua wala hakulitafuta. Koti Refu anamwandama Kipara kwa saa nzima na nusu, anamkuta kwenye mto uliokauka, wanafyatuliana risasi, Kipara anaanguka. Halafu Koti Refu anaketi chini polepole, anaegemea jiwe, anamnong'oneza farasi wake maneno machache, na kofia inamshukia usoni.

"Amechoka huyo," baba alisema kila mara, kwa sauti ya chini kabisa. "Siku nne hajalala. Mwacheni apumzike, akiamka anarudi kwa mkewe." Kisha alizima deki na kutoa tangazo lake la kufungia: "Taratibu mlangoni, jamani. Msisukumane. Kila mtu atatoka." Wanaume wazima walitoka wakitembea kama Koti Refu, mabega juu, mikono mbali na mbavu.

Nilipofika miaka kumi na minne nilikuwa nimeanza kuielewa lugha ile shuleni, na kichwa kikavimba. Jumapili moja mchana, banda limejaa hadi mlangoni, niliyasikia kwa masikio yangu yale maneno anayonong'onezwa farasi. Nikasimama.

"Siyo hivyo!" nikapaza sauti. "Anakufa! Amesema mwenyewe amepigwa tumboni! Baba anawadanganya, hajui hata neno moja la lugha hii!"

Mstari wa mbele alikaa mpasua mawe mmoja mzee, Babu Nyundo, aliyekuwa amemzika mwanawe mwezi ule baada ya ukuta wa machimbo kuporomoka. Nilimwona anavua kofia na kuiweka magotini, macho kwenye skrini. Baba akaisogeza maiki mdomoni.

"Binti yangu amesoma," alisema, "lakini leo amesahau kuangalia. Hebu tazameni kifua. Si kinapumua kile?"

Wakacheka, wakanizomea kidogo, na Babu Nyundo akavaa kofia yake. Nyumbani baba hakunigombeza. Afadhali angenichapa. Alikula, akanawa mikono, akaniambia, "Mama, wale kesho alfajiri wanarudi kwenye mawe yaleyale." Tangu siku hiyo sikuushika tena ule waya. Nilisema nina masomo, kumbe nilikuwa na aibu, na aibu yangu niliivalisha kiburi. Msamaha sikuomba. Kila mwaka nilijiambia nitaomba, na kila mwaka ulipita.

Watu walipoanza kuangalia filamu kwenye simu, banda likafungwa. Mimi nikawa mwalimu, tena wa lugha ileile. Baba hakuiachia nafasi hiyo. Nikirudi kutoka kazini na madaftari kwapani alikuwa akiniuliza, "Vipi, mwalimu, leo umewaua wangapi?"

Kisha sauti yake ikaanza kukwaruza. Tulisema ni mafua, tukasema ni vumbi la zamani, hadi siku alipotema damu kwenye sinki. Hospitalini alikuwapo daktari bingwa mgeni asiyejua Kiswahili. Alituketisha, akainua picha ya koo kwenye mwanga na kuzungumza na mimi kwa lugha ya Koti Refu. Ilikuwa kansa, tena imeshafika mapafuni. Upasuaji haungesaidia kitu. Nimpeleke nyumbani, nimpe dawa za maumivu, tuhesabu wiki. Muda wote huo baba alikuwa ameketi katikati yetu kwenye kiti cha plastiki, akimkazia macho daktari. Mimi hakuniangalia hata mara moja.

"Anasema koo limevimba," nikamtafsiria. Nilijikaza kisabuni. "Utatumia dawa nyumbani. Sauti itarudi, baba, ila itachukua muda."

Baba aliitikia kwa kichwa, akampa daktari mkono. Tulipofika kwenye ngazi aliniegemea begani, akanong'ona, "Umetafsiri vizuri."

Nilishuka ngazi mbili, kwenye ya tatu nikaelewa. Nilikuwa nimemdanganya mtu aliyekula na kutulisha kwa kusoma nyuso.

Wiki tatu tulikaa hivyo, mimi nikimpa vidonge na maneno matamu, yeye akivimeza vyote viwili. Nilitaka kumwambia ukweli, nilitaka kumwomba radhi kabla hajaondoka, na kila nilipofungua mdomo ilitoka habari ya uji. Alasiri moja akanionyesha kabati kwa kidole. Ndani mlikuwa na deki, kanda moja, na maiki yake ya zamani, isiyounganishwa na chochote. Akanikabidhi ile maiki.

"Leo wewe," akasema.

Picha ilicheza na mistari ikapita, lakini farasi alionekana. Nikatafsiri. Nikatia chumvi hadi baba akacheka bila sauti, ameshika koo kwa mikono miwili. Kipara akaanguka. Koti Refu akaegemea jiwe.

"Amechoka huyo," nikaanza. "Siku nne..."

Baba akainua mkono. "Hapana, mwalimu. Leo tafsiri kama alivyosema."

Nikairudisha kanda nyuma kidogo. Koti Refu akanong'ona tena.

"Anasema amepigwa tumboni."

"Enhe."

"Anasema hawezi kufika kokote. Anamwambia farasi aende peke yake."

"Halafu?"

"Anakufa, baba." Machozi yalikuwa yanadondokea maiki. "Anakufa. Hawawezi kumfanyia kitu. Na ile siku bandani, nisamehe."

Akaniwekea kiganja kichwani, kama zamani nilipokaa pale chini na waya.

"Nilijua tangu siku ya kwanza," akanong'ona. "Si uso wake ule? Wote walijua, mama. Hata Babu Nyundo alijua. Walikuja kusikia nitawaambia nini."

Maandishi yalikuwa yanapanda kwenye skrini. Baba akaigusa maiki kwa kidole, maana sikuwa nimemaliza kazi.

"Taratibu mlangoni, jamani," nikasema. "Msisukumane."

Maneno yaliyobaki yalinikwama. Akayasema yeye, kwa midomo tu.