Alhamisi ya Mdogo Wangu

Jambo la kwanza lililonitia shaka lilikuwa suti. Nilifungua kabati la mdogo wangu kutafuta shuka safi, nikaikuta imetundikwa, imetoka kwa dobi, ingali ndani ya nailoni yake. Mdogo wangu alikuwa hawezi hata kuketi bila kushikwa. Kansa ilikuwa imeingia kwenye mifupa, na tangu baridi ianze hakutoka katika ile fleti yao ya Ganshoren, hapa Brussels, isipokuwa kwa ambulansi. Suti ya nini? Nilirudishia mlango wa kabati taratibu, nikaenda jikoni kumtazama wifi yangu.

Alikuwa anapika uji. Nikaomba nionje.

"Yaya, ni uji tu," akasema.

Yaya ndivyo kwetu Lubumbashi tunavyomwita dada mkubwa, na mimi ndiye mkubwa wa nyumba yetu nzima, kwa hiyo hakuweza kuninyima kijiko. Nilionja. Ulikuwa uji tu, tena umepungukiwa sukari. Sikuridhika.

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Nikipewa zawadi nzuri kupita kiasi, huuliza aliyenipa anataka nini. Basi tangu siku ile nikawa napanda tramu kutoka Schaerbeek kila nilipotoka kazini, mara nyingi bila kupiga simu kwanza, na kila nilipoingia wifi alikuwa akizungumza na mtu kwa simu na kushusha sauti. Kwetu mwanamume akifa, ndugu zake humketisha mjane na kumhoji: alikula nini, nani alimpikia, kwa nini ulichelewa kutuita. Nimekaa katika vikao hivyo, na maswali nimeuliza. Nilikuwa naokota majibu mapema.

Kisha akaja daktari. Mama wa Kibelgiji, mpole mno, aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nimeishi Brussels miaka mingi na jambo hilo nilikuwa sijaliona. Aliyemfundisha ni nani, na amekuja mara ngapi nisipokuwepo? Akatuomba, wifi na mimi, tutoke chumbani ili azungumze na mgonjwa peke yake. Nilimwambia kwa Kifaransa changu chote kwamba kwetu mgonjwa haachwi peke yake na mgeni. Akajibu kwamba ndiyo sababu hasa: alitaka kuwa na hakika kuwa maneno atakayoyasikia ni ya mgonjwa mwenyewe, si ya familia. Kumbe naye alikuwa akinishuku mimi.

Tukasimama kwenye korido, wifi akitazama ukuta.

"Ameomba sindano," akasema. "Ile ya kufa. Banamupa date, yaya. Jeudi."

Habari za sindano hiyo, ambayo sheria ya Ubelgiji inairuhusu, nilikuwa nazijua. Ninafanya kazi ya kuhudumia wazee, na mzee mmoja pale kwetu alikunywa mvinyo mchana na watoto wake, wakacheka, wakapiga picha, na jioni nikakuta kitanda kitupu. Nilisema moyoni, Wazungu na mambo yao, nikabadilisha shuka. Sasa mambo yao yalikuwa yameingia chumbani kwa mdogo wangu, na yamepangiwa siku, Alhamisi, kama miadi ya kung'oa jino. Hasira ilinishika.

"Na wewe ulisema nini?" nikamuuliza.

"Mi nilikatala. Mpaka leo ninakatala."

Sikumwamini. Mtu aliyekataa hapeleki suti kwa dobi.

Daktari alipoondoka, niliingia nikafunga mlango. Ilikuwa zamu yangu ya kuzungumza na mgonjwa peke yake. Nilimwambia yote niliyofundishwa kanisani: kwamba uhai si mali yake, kwamba mateso hupokelewa, kwamba mama yetu aliteseka mwaka mzima na hakuomba mtu amuue.

"Mama aliteseka juu dawa haikukuwa," akasema. Alikuwa akipumzika kati ya neno na neno. "Na hakuna mutu alimuuliza kama anapenda."

"Ni bibi yako njo alikutuma?" nikauliza, nikimaanisha wifi.

Alicheka, na kicheko kikamuumiza, akafumba macho mpaka maumivu yapite.

"Bibi yangu analia kila siku ku douche, ndani ya maji, anafikiri sisikie. Suti, ni mi nilimutuma. Nilitaka nione kama ingali mzuri." Kisha akaniangalia. "Yaya, nikikufa namna hii, mutamukalisha. Mutamuuliza. Ninajua vile munaulizaka. Njo maana nimechelewa kuomba. Ningeomba mbele ya Noël."

Krismasi ilikuwa imepita zamani. Nilifikiria majira yote yale ya baridi, jinsi alivyokuwa akiuma kitambaa wakati wa kugeuzwa kitandani, huku mimi nikionja uji.

"Ukuwe hapa jeudi," akasema. "Unishike mukono. Wewe ukikubali, hakuna mwenye atamugusa."

Nilitafuta hila ndani ya maneno yale, maana ndivyo nilivyoumbwa. Nikatafuta usoni mwake, nikatafuta mabegani palipobaki mifupa tu. Sikuiona. Mungu sijui alikuwa anasema nini, na mpaka leo sijui. Mchungaji wangu anasema anajua, na yeye pia namshuku.

"Nitakuwa hapa," nikasema.

"Unakubali?"

"Ninakubali."

Akaomba uji, wenye sukari. Nilimlisha mwenyewe.

Alhamisi haikumkuta. Jumanne mchana wifi alikwenda duka la dawa, nami nilikuwa nimeketi kando ya kitanda nikichambua mboga ya lengalenga kwenye beseni. Pumzi yake ilianza kuchelewa. Ikachelewa zaidi. Niliweka beseni chini nikamshika mkono, na haikurudi tena. Nililia kimya, nikiogopa kumwamsha, sijui kwa nini.

Wifi aliporudi alisimama mlangoni na mfuko wake wa dawa. Alimtazama mumewe, akatazama glasi, akatazama vidonge juu ya meza, kisha akanitazama mimi. Macho yale niliyatambua. Yalikuwa yangu.

"Ulikuwa peke yako naye," akasema.

Daktari alikuja akasema amekwenda mwenyewe, mwili ulichoka. Nilimfuata hadi kwenye lifti kumuuliza kama ana hakika. Akasema ana hakika.

Matanga tuliyafanya katika ukumbi wa kukodi kule Berchem-Sainte-Agathe, viti vimepangwa ukutani, wanawake upande mmoja na wanaume upande mwingine. Katikati, juu ya stuli, iliwekwa simu, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, na ndani yake alikuwemo baba yetu mdogo akizungumza kutoka Lubumbashi. Habari za Alhamisi zilikuwa zimemfikia. Habari za namna hiyo hazihitaji viza.

"Bon," akasema. "Alikufa mardi, nimesikia. Lakini jeudi ilikuwa imepangwa. Mi naulizia ile jeudi. Ni nani alikubali? Bibi yake asimame."

Wifi akasimama. Angeweza kusema ukweli wake, kwamba alikataa mpaka mwisho. Hakusema. Alinitazama tu, akingoja kuona kama nitakana, na sikumlaumu. Maneno yetu ya chumbani hakuyasikia mtu mwingine, na aliyeyasikia tulikuwa tumemzika na suti yake asubuhi ile. Ningenyamaza, kikao kingeendelea kama vikao vyote nilivyowahi kukaa.

"Ni mi," nikasema.

Sauti ya baba mdogo ikapanda ndani ya simu.

"Wewe? Yaya yake?"

"Mi, yaya yake. Aliniomba, nikakubali. Mwenye iko na maulizo, aniulize mi."

Shangazi aliyekuwa karibu nami alisogeza kiti chake kidogo, akavuta na mkoba wake. Wengine walianza kunitazama, wakiokota majibu. Nikamwambia wifi yangu akae.