Mume Wangu Ananiita Nirudi Nyumba ya Mtoni, na Mimi Namwonea Kinyaa

Admin, kwa umri wako naamini wewe ni mjukuu wangu, kwa hiyo pokea salamu na ombi moja: jina langu usiliweke. Mimi ni mama wa miaka sabini na moja, naishi Chimala. Mjane si mjane, mke si mke. Mume ninaye, yuko Iringa, na habari zake ndizo zinazonitoa usingizi.

Miaka ya sabini niliolewa na kijana msomi, mtu wa afya mwenye cheo. Alinitoa Ubaruku, huku kwetu Usangu, kwenye nyumba ya udongo na majaruba ya mpunga, akanipeleka Iringa, mtaa wa wakubwa kando ya Mto Ruaha Mdogo. Nyumba chache, kubwa, zilizoachwa na Wazungu. Sakafu ya mbao inang'aa, bafu unalala ndani, bustani inashuka mpaka majini. Jioni wakubwa na wake zao walikaa barazani wakinywa chai na kuutazama mto. Jamani, nilijiona nimefika.

Mume akiwa kazini, nilipenda kutembea kando ya mto niujue mtaa wangu. Mchana mmoja nikapita nyumba ya mwisho, nikaingia kwenye matete. Harufu ilinipokea kabla sijaona kitu. Chini ya matete kulikuwa na bomba nene, linamwaga mtoni uchafu wa vyoo vya mtaa wetu mzima. Sielezi zaidi, wengine mnasoma huku mnakula. Nilitapika palepale nimeshikilia mti.

Nilipojifuta nikasogea mbele kidogo, penye kona. Wanawake wa upande wa Ipogolo walikuwa wanachota maji. Ya kunywa.

"Kamwene, dada," mmoja akanisalimu. Aliitwa Mama Leonsia, mtoto wake kamfunga mgongoni, kichwa cha mtoto kimelegea. "Huyu tumbo halikai kabisa. Sijui maji haya yana nini siku hizi."

"Mama, usichote hapa. Chota kule juu."

"Juu kwa wakubwa? Tunafukuzwa na walinzi."

Nikakimbia nyumbani. Nilikuwa na hakika mume wangu, mtu wa afya, atashtuka. Nilimweleza akiwa mezani. Hata kijiko hakukiweka chini.

"Nani alikutuma kuzurura mtoni?"

"Watu wanakunywa kinyesi chetu!"

"Shimo la vyoo lilijaa, harufu ikawa inaharibu bustani. Wenzangu wakalalamika, mimi ndiye niliyeelekeza bomba lipitishwe kule. Ulitaka wageni wakae na harufu?" Akaongeza mchuzi. "Wale wamezoea, mke wangu. Matumbo yao siyo kama yetu."

Nilitazama mdomo wake unatafuna, nikaona kinyaa. Tangu siku hiyo akinigusa mwili ulikuwa unasisimka, siyo kwa mapenzi. Kila siku nilimbembeleza aondoe bomba, na kila siku alisema nimsubiri. Kabla mwezi haujaisha, mtoto wa Mama Leonsia akafa. Wakafuata wengine.

Ukaitishwa mkutano Ipogolo. Mimi nilikaa mbele na wake za wakubwa, nina mimba changa, nimevaa kitenge kipya. Mume wangu akasimama, suti yake imenyooka, akasema kwa upole, "Ndugu zangu, tuambizane ukweli. Uchafu wenu wenyewe ndio unaowaua watoto wenu."

Mama Leonsia alikuwa amekaa chini kwenye nyasi, anaitikia kwa kichwa huku analia. Alikuwa anaamini kuwa amemuua mwanawe!

Sikujua nimesimama saa ngapi. Nikasema, "Baba, waambie na habari ya bomba." Akacheka kidogo, akawaambia watu, "Mke wangu anaumwa." Nikawageukia wale kina mama. "Nifuateni, niwaonyeshe."

Walinifuata, tukayapasua matete. Mama Leonsia aliliangalia bomba, akaokota jiwe, akalisukuma ndani. Wenzake wakaleta mawe, udongo na magunia mpaka likaziba kabisa.

Asubuhi yake mume alinipakia kwenye Landrova na sanduku langu. "Kaishi na wanaokufaa." Nikarudi Usangu bila talaka. Baadaye Mama Leonsia alinitafuta, akanisimulia kuwa uchafu ulirudi ulikotoka, ukaibukia kwenye mabafu ya wakubwa na kutapakaa bustanini. Hapo ndipo shimo jipya lilipochimbwa, tena haraka! Binti yangu nilimzaa na kumlea kwa mpunga. Baba yake alimkumbuka alipokuwa mkubwa mwenye kazi.

Sasa mume wangu amepooza. Ile nyumba aliuziwa na serikali, yumo humohumo. Wanawake aliokaa nao wameondoka, wasichana wa kazi wanakimbia kwa sababu anajisaidia kitandani. Binti yangu anasema, "Mama, ni baba yangu, nenda ukamwoshe." Mchungaji anasema nisamehe. Yeye mwenyewe alinipigia simu, sauti inaburuta, "Mke wangu, njoo. Bado kuna upepo mzuri wa mtoni."

Nikamwuliza, "Mtoto wa Mama Leonsia unamkumbuka?"

"Mtoto gani?"

Nikakata simu, nikaenda nje kutema mate.

Ndugu zangu, msinielewe vibaya. Mama yangu mzazi nilimwosha mpaka anakufa, sikuwahi kuziba pua. Choo cha mgonjwa hakinitishi. Ni yule mtu ndiye ninayemwonea kinyaa, na nisipoenda, binti yangu ameapa kuacha kazi aende mwenyewe kumhudumia. Nimebaki njia panda. Ninyi mngekuwa mimi, mngeenda? Nishaurini, nitasoma kila mtakachoandika.