Chafya za Baba Mkwe

Binti yangu alikuwa na miaka sita alipogeuka kuwa baba mkwe wangu. Mambo yenyewe yalianza na chafya.

Tulikuwa tunakaa Ilemela, Mwanza, nyumba yenye jiwe kubwa mlangoni na dirisha linalotazama ziwa. Mvua zikianza tu, wale wadudu wadogo wa ziwani waliinuka juu ya maji kama moshi, upepo ukawaleta ukutani, kwenye taa, hata ndani ya chai. Sisi wengine tulifuta tukaendelea na maisha. Binti yangu alipiga chafya. Moja, mbili, kumi na tisa, macho yamevimba, pua inatiririka. Daktari wa zahanati akasema ni aleji, itamrudia kila msimu, la muhimu tumkinge na wadudu hao. Akampa vidonge vya njano vilivyomlaza usingizi kijiko cha uji kikiwa mdomoni.

Haya, tumkinge. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zimeachiwa huru, maduka ya dawa yanafunguliwa kila kona, na mume wangu aliamini chochote chenye maandishi ya kigeni. Alileta dawa ya kuchua, akaleta marashi ya kupulizia, na siku moja akaleta chupa tuliyokuja kugundua kuwa ni ya kusafishia vioo. Mimi nikaenda kwenye mitumba kutafuta pazia jepesi. Nikapata shela la bibi harusi, refu, lina lulu za plastiki. Nikalipigilia misumari dirishani. Majirani wakaanza kuniuliza harusi ni lini.

Chafya zilipungua kidogo, na ningeachwa ningezimaliza. Lakini mama mkwe akaja kututembelea kutoka kijijini kwake, upande wa Bujora. Alimsikiliza mjukuu wake akipiga kumi na mbili mfululizo, akatikisa kichwa.

"Mkwe wangu, huyu haumwi. Huyu ni mzee."

Mzee ni marehemu mumewe, aliyekuwa amefariki miaka mitatu kabla. Ugoro walinusa wote wawili, mume na mke, ila chafya za kusikika hadi kwa jirani zilikuwa za mzee. Na kwao, mtoto akisumbuka bila sababu, kuna marehemu anadai jina lake. Kwa hiyo apewe jina hilo, na akakae kijijini mpaka apone.

"Mama, huyu ni msichana," nikasema.

"Mzee hakuwa mtu wa kuchagua."

Mume wangu akatoka nje kutazama ziwa, kana kwamba angeulizwa habari zake. Mama mkwe alikuwa ameshaanza kukunja nguo za mtoto. "Akipona kule," akaongeza, "basi kwao ni kule. Darasa la kwanza ataanzia kwangu."

Walipoondoka nililia. Kisha nikafanya jambo ninaloliona aibu mpaka leo: kila asubuhi nilimwomba Mungu mwanangu apige chafya. Si nyingi. Za kutosha kumrudisha nyumbani.

Baada ya wiki mbili nikatuma salamu kwamba nakuja, nikaenda. Nilimkuta binti yangu mbele ya nyumba, amekalia kigoda cha marehemu, kofia ya marehemu imemfika puani. Mama mmoja akapita na kuni zake, akapiga goti. "Shikamoo mzee." Mtoto akajibu, "Marahaba," bila kucheka. Nikaambiwa na mimi nisalimie. Nikasalimia.

"Marahaba, mkwe. Umeleta mkate?"

Nilikaa pale saa nzima nikisubiri. Hakupiga chafya hata moja.

"Amepona vipi?" nikauliza. Mama mkwe akatazama chini. Mtoto ndiye aliyejibu: siku za kwanza alipiga chafya nyingi kuliko Mwanza, mpaka akagundua kwamba ni ugoro wa bibi. "Nikamwambia mke wangu, ugoro basi."

Mchungaji wa kanisa lake alikuwa amemsihi mama mkwe aache ugoro tangu mume wangu akiwa mtoto mchanga. Wanawe wote wamemsihi. Wapi! Lakini sasa alishampa mtoto jina mbele ya ukoo mzima, kuku wameliwa, angembishiaje mume aliyemrudisha kwa mikono yake?

"Mwenye mji kasema," alinung'unika. Kopo lake la ugoro lilikuwa limejaa vifungo vya nguo. "Lakini si unaona amepona? Darasa la kwanza ni hapa hapa."

Ndipo nikapiga goti, kwa adabu zote, mbele ya kofia ile.

"Mzee, wewe unasemaje?"

Mtoto akaisukuma kofia juu. Akakohoa kidogo, kama wazee wanavyofanya. "Mimi narudi Mwanza," akasema. Kisha akamgeukia bibi yake. "Na wewe unakuja. Sikuachi tena."

Mama mkwe akajifunika uso kwa kanga. Nami nikaona haya, maana kwa miaka mitatu yote hakuna kati yetu aliyewahi kumwambia aje akae nasi.

"Basi mama, kafunge mzigo," nikasema, "tunakusubiri."

Akaingia ndani, akatoka saa ile ile. Mzigo ulikuwa umeshafungwa.