Spika ya Kushoto

Mume wangu anasaga unga wa watu, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Mashine si yake, ni ya tajiri mmoja mwenye maduka. Kazini wanamwita Sikio, kwa sababu beringi ya mashine ikitaka kufa yeye huisikia siku mbili kabla. Anazima injini, anasema fungueni hapa, na wakifungua wanakuta kweli. Tajiri anamweka kwa hilo tu. Vijana wanaoweza kuwasha injini wako tele.

Nyumbani hatumwiti hivyo. Nyumbani hasikii la mtu.

Miaka sita iliyopita alileta amplifaya ya muziki na spika mbili za mbao, kila moja inanifika kiunoni. Sebule yetu ni hatua nne kwa tano. Humo tunakula, humo wageni wanakaa, humo napanga nguo nilizopiga pasi, na humo, chini ya dirisha upande wa kushoto, ipo meza anayosomea binti yetu wa mwisho. Mume wangu aliingia na chaki. Akachora sakafuni mahali pa spika hii, mahali pa ile, na mahali pa kiti chake, kama mtu anayepima msingi. Akatuambia kwamba ukikaa panapotakiwa, mwimbaji anasimama katikati, usawa wa pua yako. Kabati langu la vyombo likahamia chumbani kwa sababu glasi zilikuwa zinalia. Pazia zito likapigiliwa ukutani kuzuia mwangwi, joto tukalipata sisi. Akiwa kitini, hakuna kupita mbele. Nimebeba sufuria ya moto nikinyata nyuma ya makochi kama mwizi, ndani ya nyumba yangu.

Nilinyamaza. Hanywi, hapotei, anarudi jioni na unga kwenye nyusi. Nikasema acha awe na ugonjwa huu mmoja.

Mwaka huu ugonjwa ukazidi. Alianza kusema mwimbaji anaegemea kulia. Akaivuta spika ya kushoto mbele kidogo. Baada ya mwezi akaivuta tena. Kila nikifagia naikuta imeacha chaki yake nyuma, imesogea kuelekea kiti, mpaka ikaja ikagusa meza ya binti. Ijumaa moja, tukiwa tunakula, akatangaza kwamba Jumapili meza inatoka, binti akasomee jikoni.

Jikoni kwetu watu wawili wakiingia mmoja lazima atoke. Binti anarudia mtihani, na umebaki mwezi mmoja na nusu. Akamwambia baba yake kwa adabu kabisa kwamba basi atahamia kwa shangazi yake. Baba yake akajibu aende, huko nako meza zipo.

Nyumba ya wifi yangu ina wapangaji wanane, wanaume watupu, na bafu moja lisilo na komeo. Niliwahi kukaa kule siku tatu, nikaoga nikiwa nimeegemeza mgongo mlangoni. Binti yangu haendi kule. Lakini alishaanza kukunja nguo zake, na huyu wangu akiona umembishia mbele ya watoto ndiyo kwanza anakaza.

Nikafikiri labda spika ile ina ubovu, na ikitengenezwa itarudi ukutani, meza itabaki. Jumamosi, yeye akiwa kazini, nikamwita fundi wa redio. Fundi akaifungua, akagusa nyaya, akabadilisha hii na ile, akafunga. Akazirudisha zote mbili kwenye chaki, akanikalisha kwenye kile kiti. Sijawahi kukikalia. Mwimbaji akasimama katikati, usawa wa pua yangu, kama tulivyoambiwa. Kisha akairudisha ya kushoto pale mume wangu alipoivutia, na yule mwimbaji akahamia kwenye sikio langu la kushoto, akaning'ang'ania kama mbu.

"Mama, spika hazina ugonjwa," fundi akasema, akikusanya bisibisi zake. "Muulize anayekaa hapo."

Akaondoka akicheka. Mimi sikucheka. Nilibaki kitini nikihesabu. Simu anapokelea kulia. Akiitwa njiani anageuka upande usio na mtu. Injini ya mashine iko kushoto pale anaposimama, miaka yote hiyo. Na kitandani mimi nalala kushoto kwake. Mwaka mzima nimekuwa nikimsemesha, hajibu, nami nageukia ukuta nikisema huyu amenichoka. Mimi ninayejua hata chumvi imepungua kijiko, hilo lilinipita.

Msidhani nilimwonea huruma. Hasira ndiyo iliyonipanda.

Jumapili asubuhi akashika meza. Vitabu vya binti alishavitupa kwenye kochi. Binti amesimama mlangoni na begi. Nikaenda nikasimama kushoto kwake, karibu hivi, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Ukiitoa hiyo meza, nitakwenda kwa tajiri wako."

Akaendelea kuvuta. Binti akanitazama mimi, akamtazama baba yake, akashusha begi.

Nikazunguka kulia. "Baba watoto, sikio hilo limekufa tangu lini?"

Meza ikatua kwa kishindo. Akauliza ni nani ameniambia. Nikamjibu ni kiti chake. Akamwamuru binti atoke, binti hakutoka. Ndipo akakaa juu ya meza na kueleza, kwa mafungu, macho kwenye sakafu. Kwamba alidhani ni vumbi la unga. Kwamba kila akirudi anakaa pale kupima limebaki kiasi gani, na likipungua anaisogeza spika, akiipata sauti katikati anatulia, kesho yake anaingia kazini bila kutetemeka. Kwamba beringi bado anazisikia, kwa sikio moja lililobaki.

"Wakijua pale, sina kazi," akasema.

"Kwa hiyo ulipe kwa mtoto wangu."

"Kwa dada yangu si porini."

"Kaoge wewe kwenye bafu lile."

Nikamwambia hapo hapo, binti akisikia, kwamba meza ikivuka mlango huu mimi nitafika kwa tajiri kabla yeye hajafika, na nitasema yote. Mume wangu wa miaka ishirini na tano alinitazama kama mtu aliyekuta nyoka kwenye kiatu.

"Ungenifanyia hivyo?"

"Leo leo."

Akashuka mezani. Akasema mimi ni mtu mbaya, kwamba amekaa na mtu mbaya miaka yote hii na hakujua.

"Rudisha spika kwenye chaki," nikamwambia.