Yoeli wa Mafuta

Makambako nzima ilimwita Yoeli wa Mafuta, na jina hilo lilimkaa kotekote. Kazi yake ilikuwa kuchinja nguruwe na kukaanga shahamu yao katika sufuria kubwa la chuma mpaka yatoke mafuta meupe ambayo watu waliyapikia na kujipaka wakati wa baridi. Naye mwenyewe alikuwa pande la mtu, shingo nene, kitambi kimetangulia. Akiingia kanisani kwa Walutheri, waliokaa kwenye benchi walisogea bila kuambiwa.

Mwaka 1953, mvua zilipokuwa zinakatika, Yoeli aliona damu chooni.

Alijiambia ni bawasiri. Baba yake alikuwa nayo na alizeeka nayo. Lakini damu ile haikukoma. Ilikuja imechanganyika na ute, choo kikawa chembamba, na tumbo likawa linajaa na kumkata upande wa kushoto, chini. Akaacha kutumia choo cha nyumbani. Asubuhi alitokomea msituni, akachungulia kwa hofu, akafukia kwa jembe, kisha akarudi nyumbani anaimba wimbo wa kanisani ili mkewe Dorika asimshuku.

Tatizo ni kwamba mwili haufukiki. Suruali ilianza kumlegea, mashavu yakaingia ndani. Yoeli akaona dawa anayo jikoni kwake: akaanza kumwagia mafuta kila alichokula. Ugali ulielea mafuta, maharage yaling'aa. Kadiri alivyokula ndivyo alivyozidi kukonda.

"Baba Methusela," Dorika alimwambia siku moja akimtazama anavyojilazimisha kumeza, "chakula hiki unampelekea nani?"

"Nakula mwenyewe, mama. Huoni?"

"Naona unakula. Sioni kinakokwenda."

Swali hilo lilimganda kichwani.

Kaka yake mkubwa, Anania, alikuwa na jibu lake. "Mtu hayeyuki hivi hivi," alisema. "Kuna mtu anakukaanga wewe kama wewe unavyokaanga nguruwe." Na mtu huyo alimtaja: Telesia, mjane Mkatoliki aliyemuuzia Yoeli nguruwe kwa miaka mingi. Mwaka uliotangulia Yoeli alimrudishia nguruwe mmoja kwa sababu nyama ilikuwa na vipele vyeupe vya tegu, na Telesia aliondoka ananung'unika mbele za watu. Kwa Anania, hayo yalitosha.

Maneno yalienea. Wanawake waliacha kumwitikia Telesia salamu ya "kamwene" kisimani. Nguruwe wake jike akakutwa amekatwa mguu zizini. Yoeli alisikia yote hayo, akanyamaza. Alijua jambo ambalo Anania hakulijua: damu. Alijua kuna kitu kibovu ndani ya tumbo lake mwenyewe, na kwamba akikisema, Telesia atapona. Lakini angekisemaje? Mwanamume mzima, mzee wa kanisa, asimame kueleza habari za choo chake? Kila siku alijiambia atasema kesho, na kila kesho ilimkuta mwoga zaidi na mwembamba zaidi.

Kisha Anania akaitisha baraza uani kwake. Alikuwa amemwalika mganga kutoka upande wa Mlangali, aje kumtambua mchawi. Telesia alikuja bila kuburutwa. Alisimama katikati, shali imemkaa mabegani, akamtazama Yoeli peke yake, hakumtazama mganga wala Anania.

"Bwana Yoeli," alisema, "nimekula kwako na watoto wako wamekula kwangu. Nimekufanyia nini?"

Jasho lilimtoka Yoeli ilhali upepo ulikuwa wa kukata masikio. Alijiinua kwa kushika ukuta.

"Hajanifanyia kitu," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, akarudia. "Natoa damu. Nikienda chooni natoa damu, tangu mvua zilipokatika. Nimeficha. Ugonjwa umo tumboni mwangu, haukutoka kwa mtu. Mwacheni mama wa watu aende."

Dorika alifunika mdomo kwa khanga. Anania alianza kusema kwamba hata damu huweza kutumwa, lakini wazee walikuwa wameshaanza kuinuka mmoja mmoja, na mganga akakusanya mkoba wake.

Siku iliyofuata Dorika hakumuuliza mumewe kama anataka. Alifunga mablanketi, wakapanda lori mpaka hospitali ya misheni.

Daktari alikuwa Mzungu mrefu mwenye Kiswahili cha kupapasa, na muuguzi aliyeitwa Ema, binti wa Kibena, alimsaidia pale maneno yalipomshinda. Daktari alimpima Yoeli hata mahali ambapo Yoeli hakudhani mtu hupimwa. Kisha akamkandakanda tumbo. Upande wa kushoto, chini, mkono ulisimama. Yoeli aliona uso wa daktari ukibadilika.

"Kuna uvimbe katika utumbo mpana," daktari alisema. "Nadhani ni kansa. Lazima tuukate kabla haujaziba njia."

Yoeli akauliza swali la mkewe. "Mafuta ninayokula yanakwenda wapi?"

Daktari alivuta kigoda akakaa. Alizungumza polepole, Ema akinyoosha maneno. Uvimbe ule, alisema, ni nyama ya mwili wa Yoeli mwenyewe iliyoasi. Inakua bila kukoma, na kila kinachokua kinahitaji cha kujijengea. Mafuta ni sehemu ya matofali yake na ya kuni zake. Isitoshe, ugonjwa huvuruga mwili mzima, hata akiba iliyo chini ya ngozi ikaanza kuyeyuka. Namna hasa inavyotokea, wataalamu walikuwa bado wanaitafuta.

"Basi nikiacha mafuta, uvimbe utakufa njaa?"

"Laiti ingekuwa hivyo. Uvimbe utajichukulia mafuta mgongoni kwako. Utakufa njaa wewe kwanza."

"Na je, ni mafuta ya nguruwe yaliyouleta?"

"Sijui," daktari alisema. "Ningekudanganya nikisema najua."

Yoeli hakupenda jibu hilo, lakini ndilo lililomfanya amwamini. Asubuhi ya kupasuliwa aliomba pamoja na Dorika, sauti ikimkatika katikati ya Baba Yetu. Walimfunika pua kwa kitambaa chenye dawa kali, akajisikia anazama huku anamwita mama yake aliyekufa zamani.

Alipozinduka, maumivu yalimwambia kwamba yu hai. Daktari alisema kipande cha utumbo kimetolewa na ncha zimeunganishwa. Hakuona uvimbe mwingine, lakini mbegu ndogo hazionekani kwa macho, kwa hiyo hawezi kuahidi. Walingoja kwa wasiwasi utumbo ufanye kazi. Ulipofanya, Ema alicheka kwa furaha, Dorika akalia.

Nyama ilimrudia Yoeli taratibu, ingawa si yote. Alipopata nguvu alisafiri mpaka Njombe, ambako Telesia alikuwa amehamia kwa kaka yake. Alimkuta analisha nguruwe. Telesia alimkaribisha, akampa viazi na chai, akamsikiliza akiomba radhi mpaka mwisho.

"Ulisema," alimjibu, "lakini ulichelewa, na nguruwe wangu alishakatwa mguu. Nimekusamehe, Bwana Yoeli. Kurudi Makambako sirudi."

Yoeli aliishi na neno hilo, na aliishi na woga. Kila alipokwenda chooni alichungulia, na tumbo likinguruma tu alikosa usingizi. Hata hivyo aibu ilikuwa imemtoka. Dereva wa lori aitwaye Alfonsi alipoanza kukonda, Yoeli alimuuliza waziwazi mbele ya watu sokoni, "Choo chako kikoje, ndugu yangu?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Alfonsi hakucheka. Jioni alimfuata Yoeli nyumbani, na wiki hiyohiyo wakaenda hospitali pamoja.

Uvimbe ulimrudia Yoeli kwenye ini, uhuru ukiwa unakaribia. Safari hii hakumficha mtu. Alimwambia Dorika siku ileile alipohisi maumivu chini ya mbavu, wakiwa bustanini wanapalilia njegere, naye Dorika akaweka jembe chini, akamshika mkono.